Nilimfukuza kocha kwa karatasi ya manila

Msomaji mpenzi, kama umewahi kusoma katika chuo chenye timu inayonyukwa kila wikendi, basi nitakayokusimulia leo hayatakuwa mageni kwako. Timu ikishinda, hakuna anayeuliza jina la kocha. Ikishindwa mara tatu mfululizo, kila mtu, hata mpishi anayepakua githeri, anajua ni nani anayefaa kupewa kazi ile.

Mwaka wa 2010 nilikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari katika chuo kimoja hapa Nairobi ambacho sitakitaja. Tulikuwa na timu ya mpira wa vikapu iliyocharazwa na kila aliyejitokeza. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji iliyopasuka. Ringi moja haikuwa na wavu na ya pili ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto. Wageni walilalamika kuhusu ringi hiyo nasi tukaihesabu kuwa silaha yetu ya siri. Haikutusaidia kitu. Muhula ule tulianza kwa kupoteza mechi sita.

Kocha wetu alikuwa mkutubi. Usicheke. Chuo hakikuwa na pesa za kumwajiri kocha, na mzee huyu wa maktaba, ambaye wakati huo alikuwa amevuka miaka hamsini, alijitolea kufanya kazi hiyo bila malipo. Akishafunga maktaba saa kumi na moja jioni, alikuja uwanjani na suruali yake ya kazini, viatu vyeusi vya ngozi, filimbi shingoni na taulo nyeupe begani. Taulo hiyo haikupangusa jasho la mtu yeyote. Ilikaa tu pale begani tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho, na ndiyo iliyompa jina la utani. Tulimwita Mzee Taulo, naye alijua.

Mzee Taulo alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wachezaji kuliko mazoezi yenyewe. Mchezaji ambaye hakuwa ametia sahihi katika daftari la maktaba angalau mara tatu kwa wiki hakuguswa na jezi. Haikujalisha kama alikuwa stadi au mgeni. Kwenye ukuta nyuma ya meza yake ya maktaba alikuwa amebandika picha iliyokatwa kutoka gazeti kuukuu. Ilikuwa ya jitu moja jeusi lenye suti, limesimama kando ya uwanja, taulo begani. Hakuna aliyemuuliza ni nani. Siku moja alituambia kwamba Dikembe Mutombo tuliyemjua kwenye NBA alitoka Zaire kwenda Washington akitaka kuwa daktari, si mchezaji, na kwamba mwenye picha ile ndiye aliyemwita uwanjani. Tulitazamana tukabana vicheko. Tulidhani ni hadithi za mzee.

Basi ikafika mechi ya saba, dhidi ya chuo jirani. Ile ilikuwa mechi ya kufa kupona, kwa kuwa majirani wale walitudharau hata katika matatu. Tulikuwa na kijana mmoja kutoka Kisumu, mrefu, mwepesi, anayetupa kwa mkono wa kushoto. Ndiye aliyekuwa akitufungia karibu nusu ya alama zetu. Wiki ile kijana huyo hakuonekana maktaba hata siku moja, na mtihani mdogo wa katikati ya muhula pia aliukwepa. Mzee Taulo akamketisha. Alikaa kwenye benchi dakika zote arobaini, amejifunika jezi kichwani, nasi tukashindwa 51 kwa 49.

Alama mbili, msomaji! Kijana yule alikuwa akifunga alama mbili huku akitafuna chingamu.

Jioni ile chumba cha maakuli kiligeuka bunge. Nakumbuka nimekaa juu ya meza kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Kundi moja lilimtaka kijana fulani wa Eastlands aliyewahi kucheza katika ligi ya taifa. Kundi jingine lilisema nahodha awe kocha papo hapo, acheze na afundishe, ili tusimlipe mtu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao hawakuwa na haki ya kusema, walisema kwa sauti kuliko wote. Mpishi alitoa kichwa dirishani akapendekeza tuache vikapu tucheze soka.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemtetea mzee, msichana aliyekuwa akiandika alama za mechi zetu. Alifungua daftari lake akasoma. Katika mechi ile tulipewa mitupo ya adhabu ishirini na miwili tukatia mitano. "Kocha gani," akauliza, "atakayekuja kuwatupia hiyo mingine?" Swali lake halikujibiwa. Tulimpigia kelele akaketi. Leo ninapowaza juu ya usiku ule, yeye ndiye mwandishi wa habari pekee aliyekuwa chumbani humo, ingawa alikuwa akisomea uhasibu.

Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kusimamia gazeti la ukutani. Nilikuwa na karatasi ya manila, kalamu nene ya wino mweusi, na hasira ya alama mbili. Nilikesha nikiandika. Kichwa cha makala kilikuwa TAULO IRUDI BAFUNI. Nilimkejeli viatu vyake, filimbi yake, daftari lake. Niliuliza kama siku hizi mpira unachezwa kwa kadi ya maktaba. Nilimalizia kwa kudai ajiuzulu kabla ya Ijumaa. Saa tisa za usiku nikabandika karatasi ile kwenye ubao wa matangazo, sikutia jina langu, nikaenda kulala kwa furaha ya mtu aliyechapishwa kwa mara ya kwanza.

Asubuhi umati ulikuwa umesongamana mbele ya ubao. Mzee alikuja akipitia hapo kwenda kufungua maktaba. Watu wakampisha. Alivaa miwani yake akaisoma makala yote, mstari kwa mstari, bila haraka, kama anayekagua kitabu kilichorudishwa. Kisha akatoa kalamu mfukoni. Nilikuwa nimeandika kwamba kocha huyu ana "makosa mingi". Akakata neno "mingi", akaandika juu yake "mengi", akarudisha kalamu mfukoni na kwenda zake.

Umati uliangua kicheko, nami nikacheka nao ili nisijulikane.

Ijumaa hiyo alipeleka mipira na filimbi kwa mlezi wa wanafunzi. Tulichanga shilingi hamsini kila mmoja, tukamleta yule kijana wa Eastlands. Na hapa sharti niseme kweli, hata kama inaharibu hadithi yangu. Kijana yule alikuwa kocha bora zaidi. Alijua kuchora mikakati ya mchezo na alijua nani akabe nani. Tulishinda mechi nne kati ya tano zilizosalia, na tulipowalipizia kisasi majirani zetu tulibebana mabegani hadi kituo cha basi. Yule kijana wa mkono wa kushoto alicheza kila dakika ya kila mechi. Mwisho wa mwaka alifeli masomo manne akaambiwa asirudi.

Nikaisahau karatasi ile, au nilidhani nimeisahau.

Miaka kumi ikapita. Mwishoni mwa Agosti 2020, siku zile za barakoa, nilikuwa nikipitia picha za habari za nje nikaliona lile jitu, na suti, na taulo begani. Maelezo yalisema John Thompson, kocha wa zamani wa timu ya mpira wa vikapu ya Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, amefariki akiwa na umri wa miaka 78. Nilihisi kama niliyeshikwa bega na mtu aliye nyuma yangu.

Nikaanza kumsoma. Georgetown ni chuo kikongwe cha Wajesuti, kilichoanzishwa mwaka wa 1789. Thompson alipokabidhiwa timu yake mwaka wa 1972, ilikuwa imetoka katika msimu wa kushinda mechi tatu na kushindwa ishirini na tatu. Hata sisi na ringi yetu iliyoinama tungeiburuta. Alikuwa mtu mweusi mwenye urefu wa futi sita na inchi kumi, aliyewahi kumsaidia Bill Russell katika Boston Celtics, na kabla ya Georgetown alikuwa akifundisha timu ya shule ya upili mjini humo. Alimwajiri Mary Fenlon, mwanamke aliyewahi kuwa mtawa, kazi yake ikiwa kufuatilia masomo ya wachezaji. Mama huyo alikaa kwenye benchi pamoja na makocha. Ofisini Thompson aliweka mpira uliotolewa upepo, ili kila kijana aukumbuke ule wakati ambapo mpira utakuwa umeisha hewa na yeye bado yuko hai.

Sasa sikiliza. Mwaka wa 1975, msimu wake wa tatu, timu ilishindwa mechi kadhaa mfululizo. Mashabiki walianza kuuliza maswali yale yale ya chumba chetu cha maakuli. Kisha siku moja mtu aliteremsha shuka la kitanda kutoka dirisha la ukumbi wao. Lilikuwa limeandikwa kwamba Thompson ameshindwa kazi na lazima aondoke, na kabla ya hapo lilikuwa na lile neno ambalo Wazungu wa huko waliwatukania watu weusi. Mwandishi wa shuka lile hakutia jina lake.

Siwezi kujilinganisha na mtu yule. Karatasi yangu haikuwa na tusi la rangi, na mzee wangu na mimi sote ni weusi. Lakini nilipofika kwenye maneno hayo, "hakutia jina lake", niliondoka mezani nikaenda kutafuta chai ambayo sikuwa na kiu nayo.

Msimu huo huo wa shuka, timu ya Thompson iliingia katika mashindano ya kitaifa ya vyuo kwa mara ya kwanza tangu 1943. Mwaka wa 1984 iliilaza Houston 84 kwa 75 katika fainali, na Thompson akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo. Katika miaka yake 27 alishinda mechi 596, na inasemwa kwamba kati ya wachezaji 78 waliokaa naye miaka yote minne, 76 walipata shahada. Mmoja wao ni Mutombo. Alikwenda Washington mwaka wa 1987 kwa ufadhili wa masomo akiwa na nia ya kuwa daktari, na mwaka wa 1991 akaondoka na shahada ya isimu na diplomasia. Haikuwa hadithi ya mzee hata kidogo.

Wiki ile nilimtafuta yule msichana wa daftari la alama, ambaye sasa anafanya kazi katika benki. Alikuwa na nambari ya simu ya Mzee Taulo. Huwa anampigia kila Krismasi. Nikapiga. Mkewe akasema mzee yuko shambani, nipige jioni. Sikupiga jioni. Nilijiambia kuna korona, watu wana shida kubwa kuliko karatasi yangu. Mtu akitafuta sababu ya kutopiga simu hakosi.

Huenda ningeendelea hivyo hadi leo, kama si familia ya dada yangu. Dada anaishi Maryland, karibu na Washington, na mumewe ni muuguzi huko. Shemeji huyu, tangu akiwa kijana Nairobi miaka ya 1990, amempenda mtu mmoja kuliko mwanasiasa yeyote: Patrick Ewing. Alikuwa akitazama kanda za video za New York Knicks hadi zikakwaruzika. Ewing alizaliwa Jamaika, akahamia Marekani akiwa mtoto, na ndiye aliyeichezea Georgetown ya Thompson katika fainali tatu ndani ya miaka minne, 1982, 1984 na 1985. Alipopewa timu hiyo aifundishe mwaka wa 2017, akichukua nafasi ya mwana wa Thompson mwenyewe aliyekuwa amepigwa kalamu, shemeji alinipigia simu usiku wa manane kana kwamba amepata mtoto wa kiume.

Mtoto wa kiume anaye, na ndiye aliyeleta vita. Mpwa wangu huyo alikuwa na umri wa miaka ishirini, na kwa maoni yake Ewing alikuwa akiizika timu. Kila Jumapili nikipiga simu kuwajulia hali nilikuta mjadala umechacha. Nami, kwa kuwa ni mjomba na ni mwandishi, niligeuzwa hakimu.

Shemeji alikuwa na hoja, tusimwonee. Machi 2021 timu ya Ewing iliingia katika mashindano ya ligi yao ya Big East ikiwa ya nane, hakuna aliyeipa nafasi, ikatwaa kombe kwa kuichapa Creighton 73 kwa 48. Mechi zenyewe zilichezwa Madison Square Garden, New York, ukumbi ambao Ewing aliuchezea miaka kumi na mitano na jezi yake imetundikwa darini. Wiki hiyo hiyo alilalamika kwamba walinzi wa ukumbi humo walikuwa wakimsimamisha wamuulize kitambulisho. Shemeji alisimulia kisa hicho kwa uchungu, kana kwamba ni yeye aliyesimamishwa. Tena kuanzia mwaka huo sheria zilibadilika. Mchezaji wa chuo sasa aliweza kuhama chuo bila kuadhibiwa kwa kukaa nje msimu mzima, na wafadhili waliruhusiwa kumlipa kwa jina lake. "Kocha wa leo," shemeji alisema, "anapanda mahindi na jirani anavuna."

Mpwa naye alikuwa na tarakimu. Msimu wa 2021-22 Georgetown ilicheza mechi 19 za ligi na ikashindwa zote 19. Soma tena, si kosa la uchapaji. Ukijumlisha na mechi ya mwisho ya msimu uliotangulia na zilizofuata, ilishindwa mechi 29 za ligi bila kupumua, hadi ilipoifunga DePaul 81 kwa 76 Januari 2023. "Mjomba," aliniambia, "viti uwanjani ni vitupu. Unasikia viatu vya wachezaji vikilia." Yeye alimtaka Rick Pitino, mzee mjanja aliyeshinda ubingwa na Kentucky mwaka wa 1996. Baba yake akamjibu kwamba ubingwa mwingine wa Pitino, ule wa Louisville wa 2013, ulifutwa vitabuni kwa kashfa, na kwamba Thompson angefufuka akalia. Dada yangu aliwahi kuchukua simu akauliza kwani nchi nzima hakuna mwanamke anayeweza kuwafunza vijana wale kutupa mpira. Wote wawili wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea kana kwamba hajasema.

Machi 9, 2023, siku moja baada ya kulimwa na Villanova 80 kwa 48, Ewing alifutwa kazi. Ushindi 75, vipigo 109. Jumapili iliyofuata nilipiga simu nikamkuta shemeji hataki kuzungumza. Mpwa alikuwa amenitumia picha yake akiwa uwanjani wiki kadhaa kabla, ameinua kipande cha katoni kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba Ewing aondoke, na chini yake amemchora Ewing akiwa amelala usingizi benchini. Baba yake alikuwa ameiona picha hiyo, na wawili hao walikuwa hawajasalimiana kwa siku tatu. "Mtu anayesimamia vijana tangu asubuhi hadi usiku," shemeji aliniambia hatimaye, "unamchora kama mlevi wa kituo cha basi? Wewe mwandishi, amua."

Msomaji, ningeweza kuamua. Tarakimu zilikuwa upande wa mpwa. Kocha anayelipwa mamilioni ya dola akashindwa mechi 29 mfululizo hawezi kudai ameonewa akiambiwa inatosha. Mashabiki wana haki ya kuuliza nani afundishe timu yao, na wakinyimwa haki hiyo sijui wabaki na nini, maana wachezaji huja na kuondoka na tikiti hununuliwa na wao. Haya yote nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nikajikuta nikiwasimulia habari za mkutubi, taulo na karatasi ya manila. Nilisimulia yote, hata "makosa mingi". Shemeji alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mpwa hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Na ulimwomba msamaha?"

Nikasema laini ya simu ni mbovu.

Naam, ndivyo nilivyofanya, mtu mzima mwenye watoto. Na hata baada ya hapo sikwenda. Georgetown ilimwajiri Ed Cooley kutoka Providence, chuo ambacho Thompson mwenyewe alisoma, katika mji ambao Cooley alizaliwa. Kule Providence alikuwa mpenzi wa watu. Aliporudi na timu yake mpya Januari 2024 walimzomea kama mwizi wa kuku. Msimu wake wa kwanza Georgetown ilishinda mechi mbili kati ya ishirini za ligi, sawasawa na msimu wa mwisho wa Ewing. Shemeji alinitumia tarakimu hizo bila neno lolote. Pitino alikuwa amekwenda St. John's, na Machi 2025 ilipotwaa ubingwa wa Big East, ilikuwa zamu ya mpwa kutuma tarakimu. Nadhani watazikwa wakibishana wale.

Kilichonitoa nyumbani ni Mutombo. Septemba 30, 2024 alifariki kwa saratani ya ubongo akiwa na miaka 58. Udaktari hakuusomea, lakini alijenga hospitali Kinshasa iliyofunguliwa mwaka wa 2007 na kuipa jina la mama yake. Niliposikia habari hizo niliwaza kwamba kuna mzee mmoja anayezisikia pia, na kwamba wazee hawangoji.

Desemba hiyo nilipanda matatu hadi Machakos, kisha bodaboda kwa vumbi la kutosha. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe akirekebisha mpini wa jembe. Amekonda, lakini miwani ni ile ile. Sikuwa nimemwambia ni nani anayekuja. Yule msichana wa benki ndiye aliyempigia na kusema kuna mgeni. Alinitazama nikivuka uga, akaweka jembe chini.

"Karibu, Makosa Mingi," akasema.

Nilisimama pale pale. Nikamuuliza alijuaje. Akasema alilijua tangu asubuhi ile. Kwa miaka miwili nilikuwa nikitia sahihi katika daftari lake la maktaba, na herufi yangu ya "g" ina mkia kama wa panya. Alijua, na muhula wote uliobaki aliniazima vitabu kama kawaida, hata kile cha marejeo ambacho hakiruhusiwi kutoka.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Yalitoka yamevurugika. Nilisema Mwalimu, nimekuja kuomba radhi kwa karatasi ile.

"Kwa lipi hasa?" akaniuliza. "Kwamba nilikuwa kocha mbovu? Nilikuwa mbovu. Sikujua hata kupanga ulinzi. Nilichukua timu kwa sababu hakuna aliyeitaka." Akanyamaza. "Lakini yale ya viatu hukuwa na haja nayo. Sikuwa na vingine."

Sikuwa na la kujibu, na sina hadi leo.

Baadaye aliuliza habari za kijana wa mkono wa kushoto. Nilimwambia ukweli. Nilikutana naye mwaka wa 2019. Anaendesha lori la mizigo kwenda Malaba. Hakumaliza chuo kingine chochote. Aliniambia ule muhula tulioshinda mechi nne ndio wakati mtamu zaidi aliowahi kuishi, na kama angerudishwa nyuma angecheza tena. Mzee alisikiliza huku akisugua mpini kwa kipande cha chupa.

"Niliacha filimbi upesi," akasema. "Ningebaki na daftari, yule mwingine achukue filimbi. Hilo halikunijia. Nilikuwa na hasira."

Tulikaa kimya mbuzi wakipita. Kisha, kama mtu anayefungua ukurasa mwingine, akaniuliza kama nilifuata mambo ya Georgetown, na nilionaje walivyomfukuza Ewing. Niliona nafasi ya kumpendeza. Nilisema walikosa shukrani, mtu aliyewajengea jina, wangempa muda.

Mzee Taulo alinikazia macho juu ya miwani.

"Muda gani? Mechi kumi na tisa, sufuri! Angetoka mwaka ule ule." Alichukua jembe akaligonga chini kuona kama limekaza. "Yule alikuwa akilipwa, kijana. Mimi nilikuwa nikijinunulia filimbi."

Nikamwambia Cooley naye alianza vibaya vile vile. Akasema Cooley apewe miaka mitatu. Nikauliza kwa nini Cooley mitatu. Tulikuwa bado tunabishana mkewe alipotoka jikoni mara ya pili kutuambia muthokoi unapoa.